Kutoka Pamba Hadi Sare: Funzo la Rivatex

Kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, kilipowekwa chini ya mrasimu, wafanyakazi walipoteza ajira na wakulima wa pamba wakakosa mnunuzi. Mwaka wa 2007, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua ili kitumike kwa uzalishaji, mafunzo na utafiti. Mitambo ya kisasa ilizinduliwa Juni 2019. Miongoni mwa soko linalolengwa ni sare za vikosi vya usalama.

Kazi hufanyika kwa hatua:

1. Pamba iliyochambuliwa husafishwa na kusokotwa kuwa uzi.
2. Uzi hufumwa kuwa kitambaa.
3. Kitambaa hutiwa rangi, kisha hushonwa.

Sare zote sharti ziwe na rangi moja. Nyuzi za magunia ya plastiki zikiingia kwenye pamba hazishiki rangi, na kitambaa hutoka na madoa. Kasoro hiyo huonekana kiwandani, lakini chanzo chake ni shambani.

Kwa hivyo, mkulima anashauriwa:

- Avune pamba ikiwa kavu.
- Atenge pamba safi na chafu.
- Atumie mifuko ya kitambaa cha pamba, si ya plastiki.

Pamba safi hulinda bei ya mkulima na kazi ya fundi.