Kisiwa cha Saanane: Mahali Palepale, Kusudi Jipya



Kijana mwenzangu, kabla hujaendelea kusoma, fungua Biblia kwenye Barua ya Mtakatifu Paulo kwa Filemoni. Ni fupi sana, sura moja tu yenye aya 25. Isome yote taratibu, halafu rudi hapa. Leo tunaisoma barua hiyo tukiwa na kisiwa chetu cha Saanane pembeni, kwa sababu naona vyote viwili vinajibu swali moja ambalo vijana wengi wananiletea: je, mtu akishaharibikiwa, au akishapewa jina baya, anaweza kweli kuwa mtu mwingine? Au tunafarijiana tu?

Kisiwa kilivyobadilika

Kama wewe ni wa Mwanza, Saanane unaiona karibu kila ukishuka mjini. Iko ndani ya Ghuba ya Mwanza, kama kilomita mbili tu kutoka katikati ya jiji. Unapanda boti pale Capri Point, na kabla hamjamaliza kupiga picha mmeshafika. Tulikwenda huko na kikundi cha vijana wa huku Nyakato, Jumamosi moja baada ya Misa ya asubuhi. Wengi wao walizaliwa hapahapa na hawakuwahi kukanyaga kisiwani hata siku moja. Ndivyo tulivyo, cha jirani hatukitembelei!

Historia yake kwa ufupi ni hii. Zamani kilikuwa makazi ya mtu mmoja, mvuvi na mkulima, aliyeitwa mzee Saanane Chawandi. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania. Wanyama wakaletwa kutoka sehemu mbalimbali, watu wa mjini wakawa wanavuka kwenda kuwatazama. Mwaka 1991 kikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Mwaka 2013 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, chini ya TANAPA. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2.18 tu, pamoja na maji yanayokizunguka, na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini.

Leo familia zinakwenda pale na watoto. Wanapanda mawe makubwa, wanakaa kivulini kula chakula walichobeba, wanatazama pimbi wanavyoota jua, swala, tumbili, na mijusi wale wenye vichwa vyekundu. Ukipanda juu kabisa unaliona jiji lote limekaa kwenye vilima vyake.

Sasa angalia jambo hili. Mawe ni yaleyale ya mwaka 1964, na ziwa ni lilelile. Lakini bustani ya wanyama na hifadhi si kitu kimoja. Kwenye bustani ya wanyama, mnyama yupo kwa ajili ya mtazamaji. Kwenye hifadhi mambo yanageuka: mahali ni pa mnyama, na wewe ndiye mgeni. Unaambiwa usimlishe tumbili, usitupe taka, usiokote hata jiwe. Ardhi haikubadilishwa. Kilichobadilika ni kusudi.

Falsafa kidogo, usikimbie

Aristotle alifundisha kwamba ukitaka kukijua kitu vizuri, uliza maswali manne: kimetengenezwa na nini, kina umbo gani, nani amekifanya, na kipo kwa ajili ya nini. Hilo la nne ndilo aliloliona kuwa zito zaidi. Kisu na msumeno vyote ni chuma. Ukitaka kujua kwa nini kimoja kina meno na kingine hakina, uliza kila kimoja ni cha kazi gani.

Mtakatifu Thomas wa Akwino akaichukua hekima hiyo na kuiingiza katika imani. Anatufundisha kwamba neema haiji kuyaharibu maumbile yetu, inakuja kuyakamilisha. Maana yake, Mungu akikuokoa hakutupi kando ili aumbe mtu mwingine wa kukaa mahali pako. Anakuchukua wewe mwenyewe, na sauti yako, ukali wako, ucheshi wako, hata kumbukumbu zako zinazouma, halafu anavielekeza upya. Kijana aliyekuwa anajua kuwashawishi wenzake waende kunywa, kipaji hicho cha kushawishi hakikuwa dhambi. Kilikuwa kimekosa mwelekeo.

Hapa ndipo barua kwa Filemoni inapoingia. Onesimo alikuwa mtumwa aliyeondoka kwa bwana wake. Jina lake kwa Kigiriki maana yake ni mwenye faida. Paulo anacheza na jina hilo katika aya ya 11: zamani hakuwa na faida kwako, lakini sasa anatufaa wewe na mimi. Ona kwamba Paulo hambadilishii jina. Anampokea Onesimo yuleyule, na jina alilokuwa nalo tangu mwanzo ndipo linapoanza kuwa la kweli. Kisha katika aya ya 16 anataja kusudi jipya: asipokewe tena kama mtumwa, apokewe kama ndugu mpendwa.

Si kila badiliko ni neema

Naomba tuelewane hapa, maana siku hizi kila mahali tunaambiwa "badilika, badilika". Kubadilika peke yake hakutoshi. Nitakupa mfano wa mbali kidogo.

Mwezi Februari 1984, mji wa Sarajevo, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia, uliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Juu ya mlima Trebević, unaoutazama mji huo, walijenga mfereji wa zege wenye zaidi ya kilomita moja. Uligandishwa barafu, na wanamichezo wakashuka ndani yake kwa kasi wakiwa kwenye vigari visivyo na magurudumu. Mataifa yalikuja kushangilia. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1992, vita vikaanza. Mji ukazingirwa hadi 1996, na ule mfereji wa michezo ukafanywa mahali pa kupigia mizinga kuelekea kwa watu waliokuwa chini. Zege lilikuwa lilelile! Leo vita vimekwisha. Mfereji bado upo katikati ya miti, umejaa michoro ya rangi, na familia zinapanda mlimani kutembea kando yake na kuendesha baiskeli. Mwaka 2018 hata gari la kamba la kupandia mlimani lilirudishwa.

Mahali pamoja, makusudi matatu: mchezo, mauaji, matembezi ya familia. Kwa hiyo usijiulize tu kama umebadilika. Jiulize umegeukia wapi, na kwa ajili ya nani. Kijana anaweza kuacha pombe akahamia kwenye kamari ya simu. Mwingine anaacha umbea wa mtaani, anaanza umbea wa kwaya. Kipimo cha Paulo ni chepesi kukumbuka: baada ya badiliko hilo, kuna mtu aliyepata ndugu?

Nani analipa gharama?

Tukiwa tumepumzika juu ya mawe kule Saanane, kijana mmoja aliuliza, "Frateri, sasa huyu mzee mwenye kisiwa alikwenda wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile. Ili kisiwa kiwe bustani, mzee Saanane alihama. Sisi tunafurahia upepo na kivuli mahali palipokuwa shamba la mtu. Angalau jina lake limebaki, na kila anayepanda boti analitamka. Lakini linafaa litamkwe kwa heshima, tukijua kwamba uzuri tunaoufurahia uliwahi kumgharimu mtu.

Paulo hakuliruka jambo hili. Katika aya ya 18 na ya 19 anamwambia Filemoni kwamba kama Onesimo ana deni lolote, liandikwe kwa Paulo, yeye atalipa. Yaani badiliko la Onesimo lilikuwa na bili, na mtu mmoja akajitokeza kuichukua. Ukiielewa sentensi hiyo umeuelewa Msalaba. Neema kwetu ni ya bure, lakini kuna aliyeilipia.

Kizimba hufunguliwa kwa siku moja

Kwenye ziwa letu hilihili kuna kisiwa kingine, Rubondo, upande wa Geita. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliokuwa wamefugwa Ulaya waliletwa na kuachiwa huru pale. Fikiria mnyama aliyezoea kuletewa chakula na binadamu, leo yuko msituni. Mwanzoni walisaidiwa chakula kwa muda. Polepole wakajifunza kujitafutia matunda na kujijengea viota vya kulalia juu ya miti. Uzao wao uko msituni hadi leo, nao haujawahi kuishi kizimbani.

Nawapa mfano huu vijana wanaokata tamaa baada ya kuungama. Katika Sakramenti ya Kitubio mlango wa kizimba unafunguliwa palepale, hakuna mjadala. Lakini mazoea ya kizimbani yanatoka kidogo kidogo. Ukijikuta bado unatamani chakula cha kuletewa, usiseme kwamba ondoleo lilikuwa la uongo. Unajifunza msitu. Rudi kuungama, sali, tafuta wenzako wa kupanda nao mti.

Neno gumu kwetu sote

Wakati tunasubiri boti ya kurudi, dada mmoja alikaa karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Frateri, mimi mtaani bado naitwa yule aliyepata mimba kidato cha pili. Mtoto wangu sasa ana miaka minne. Hilo jina litaisha lini?"

Nilimwambia ninaloamini: mbele ya Mungu jina hilo halipo. Lakini nilijua pia kwamba hakuwa ananiuliza kuhusu Mungu. Alikuwa anauliza kuhusu sisi.

Tangu Novemba 2021 Serikali yetu imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito kurudi katika shule za Serikali. Sheria ya shule imefungua mlango. Je, jumuiya zetu ndogondogo zimefungua? Tunaweza kumruhusu arudi darasani huku tukimnyima kusoma somo kanisani, si kwa sababu kuna kanuni inayomzuia, bali kwa sababu ya yale macho. Onesimo hakuwa Mkristo wa kwanza kupokea msamaha. Ugumu wa barua ile haukuwa Onesimo atabadilika au la. Ugumu ulikuwa Filemoni atampokea kama nani. Ndiyo maana barua haikuandikwa kwa Onesimo. Iliandikwa kwa mwenye nyumba.

Basi, kijana mwenzangu, huenda leo unajiona wewe ndiye Onesimo. Vizuri, shika tumaini. Lakini kuna mtu mahali fulani, pengine benchi la nyuma yako kanisani, ambaye kwake wewe ni Filemoni. Anasubiri kuona utamwitaje.

Maswali ya tafakari (binafsi au kwenye kikundi cha VIWAWA na TYCS)

1. Ni kipaji gani ulichonacho ambacho hadi sasa kimetumika vibaya? Mungu angekielekeza wapi?
2. Kuna badiliko maishani mwako ambalo wengine wanalisifu, lakini halijampatia mtu yeyote ndugu?
3. Nani amelipa gharama ili wewe uwe hapo ulipo: mzazi, dada aliyeacha shule ili wewe usome, mlezi? Umeshawahi kulitaja jina lake kwa shukrani?
4. Ni nani unayemwita kwa kosa lake la zamani, hata kama ni moyoni tu?

Zoezi la wiki

Chagua mtu mmoja kutoka swali la nne. Wiki hii mwite kwa jina lake la Ubatizo, umsalimie, umwombe akusaidie jambo analoliweza kweli. Usimpe hotuba. Na kama mko Mwanza, changeni nauli na kiingilio mkatembelee Saanane pamoja. Bebeni maji na chakula, msibebe mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Mkifika juu ya mawe, someni Filemoni kwa sauti, na mwombeeni mzee Saanane na wote waliopisha ili sisi tupate nafasi.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyelichukua deni letu na kuliandika kwa jina lako, tuelekeze upya. Chukua mikono yetu, ndimi zetu na historia zetu, uvipe kusudi ulilolitaka tangu mwanzo. Wanaojifunza uhuru uwape uvumilivu, na sisi tunaowapokea utupe macho yako. Mtakatifu Yosefina Bakhita, uliyetoka utumwani ukawa dada wa wengi, utuombee. Amina.