SOMO: KUNUNUA BUNDUKI MNADANI

Bei inayotajwa nyundo inapogonga si bei kamili ya mali. Jambo hilo hudhihirika katika minada ya bunduki kuukuu za kuwindia nchini Uingereza, ambako aliyedhani amepata nafuu huweza kurejea nyumbani na hasara, au na hatari. Mambo manne yafuatayo humlinda mnunuzi wa huko.

1. Hati. Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968, mnunuzi wa bunduki ya marisau kwa kawaida hutakiwa awe na hati ya Polisi. Kulipa fedha peke yake hakumpi haki ya kukabidhiwa silaha.

2. Ukaguzi. Kabla ya mnada huwekwa muda wa kutazama mali. Mnunuzi achunguze ndani ya mtutu kama umeliwa na kutu, aulize unene wa kuta zake, na atafute chapa za majaribio. Mitutu hujaribiwa London na Birmingham kwa kupigwa baruti yenye nguvu kupita kawaida. Inayostahimili ndiyo hugongwa chapa. Bunduki nyingi za zamani zilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Zikitiwa risasi za kisasa, mtutu huweza kupasuka na mpigaji akapoteza vidole au macho.

3. Hesabu. Juu ya bei ya nyundo huongezwa ada ya mnunuzi. Kwa mfano, bunduki ikifikia paundi 1,000 na ada ikiwa asilimia 25, huongezeka paundi 250. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 juu ya ada hiyo ni paundi 50. Jumla ni paundi 1,300, mbali na matengenezo. Hivyo basi, mwenye paundi 1,000 tu hana budi kukoma kwenye paundi 769.

4. Kikomo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1979 inaeleza kuwa mauzo hukamilika nyundo inapogonga. Kabla ya hapo aliyetaja bei anaweza kuiondoa. Baada ya hapo amefungika. Kwa sababu hiyo, kikomo huandikwa kabla ya kuingia ukumbini, kwani katika joto la kushindana mtu husahau mali akakumbuka ushindi.

Nchini Tanzania umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hata hivyo, funzo hili haliishii kwenye bunduki. Anayekwenda mnadani kununua gari kuukuu au mashine ya boti naye anapaswa kujua masharti, kukagua mali, kujumlisha gharama zote na kuheshimu kikomo chake. Nafuu hupatikana kabla ya nyundo, si baada yake.