Dondoo muhimu: Kundi la WhatsApp la kijiji lisiwe kero

Makundi yanayowaunganisha waliobaki Nyamongo, Sirari au Mugumu na ndugu zao walioko Mwanza na Dar huharibika kwa makosa yaleyale.

1. Usimwingize mtu kimyakimya. Mpigie kwanza, kisha mkaribishe kwa jina na kitongoji chake.
2. Andikeni Kiswahili. Kikurya kitamu, lakini Wangoreme, Waikoma na Wajaluo nao wamo humo.
3. Video nzito humaliza bando la mtu. Eleza habari kwa mistari miwili.
4. Tembo wakiingia mashambani, piga simu kwa mwenyekiti kwanza, ndipo uandike kitongoji, saa na upande walikoelekea. Picha za mwaka juzi, tafadhali, ziache.
5. Kila msiba uwe na kundi lake la michango, lifungwe hesabu ikishasomwa.
6. Usibandike orodha ya wasiochangia. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote: mmoja akijitoa kwa aibu, shemeji zake watamfuata.
7. Ugomvi wa koo au wa mipaka ya ardhi ukianza, ruhusu maadmini tu kuandika mpaka asubuhi.
8. Futa uvumi mapema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa hata anayesambaza.
9. Maadmini wawe watatu, wapokezane zamu.
10. Saa tatu usiku zima mlio ulale. Aliye na dharura ya kweli atakupigia.