Utumishi wa Nyumbani na Adabu Yake

Katika vijiji vya Simiyu, kama Kalemela, si ajabu kumwona binti aliyemaliza shule akingojea gari la Mwanza au la Bariadi, na furushi lake mkononi. Aenda kufanya kazi katika nyumba ya watu. Wazazi husema, "Amepata kazi," na maneno yamekwisha. Lakini sisi twaona ya kuwa yako mambo mawili yapasayo kufundishwa kabla ya safari hiyo: ufundi wa kazi yenyewe, na adabu ya pande zote mbili, maana adabu ya mtumishi peke yake ni nusu ya adabu.

Wako wadhanio ya kuwa kusafisha nyumba hakuna mafunzo. Sivyo. Binti aliyelelewa katika nyumba ya udongo ajua kuisiriba sakafu kwa samadi hata ikakaa laini. Huo ni ustadi, na pengine bibi wa mjini mwenyewe hauwezi. Lakini sakafu ya vigae ina desturi yake. Vumbi hufutwa kwanza juu, madirishani na makabatini, ndipo sakafu ifagiliwe. Afanyaye kinyume atafagia mara mbili. Kupiga deki huanzia pembe ya mbali na kuishia mlangoni. Maji ya deki yakichafuka humwagwa, maana maji machafu hayaondoi uchafu, huuhamisha tu. Tambara la chooni lisifike jikoni kamwe.

Tena liko jambo la hatari. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye tindikali, wala na amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu iumizayo mapafu, na zaidi katika choo kidogo ambacho dirisha lake limefungwa. Bibi ampaye msichana chupa hizo mbili bila neno, kisha akamkuta akikohoa, asimlaumu msichana.

Adabu ya mtumishi hatutairefusha, maana mabinti wengi wameipata kwao. Apige hodi hata kama mlango u wazi. Fedha aliyoiona mfukoni mwa nguo aipeleke kwa mwenyewe kabla ya kuiloweka nguo. Sahani ikivunjika, aseme siku ile ile. Aliyoyasikia mezani yasitoke nje ya ua.

Adabu ya mwenye nyumba ndiyo isahauliwayo. Katekisimo Ndogo ya Luther, iliyotoka mwaka 1529, katika maagizo yake kwa watu wa nyumbani huwaagiza watumishi, na mabwana nao huagizwa, walimu wajua. Mjini binti humwita mwenye nyumba mama, humwamkia shikamoo, na watoto humwita yeye dada. Ni desturi njema. Lakini tumesikia neno hilo likigeuzwa kuwa kifuniko: "Huyu ni kama mwanangu, mshahara wa nini?" Je, mwana wa nyumba huamka saa kumi alfajiri, akalala wa mwisho, akala ukoko jikoni wenzake wakiwa mezani? Akiwa mwana, na apelekwe shule. Akiwa mfanyakazi, na alipwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mtumishi wa nyumbani. Asiyetimiza miaka 14 haajiriwi, na wa miaka 14 hupewa kazi nyepesi tu, isiyomzuia shule. Saa za kazi za kawaida hazipiti 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Apumzike saa 12 kila siku. Akaaye nyumbani mwa mwajiri aweza kupunguziwa hata 8, lakini kwa mapatano ya maandishi. Kila juma ana saa 24 za kupumzika, na kila mwaka siku 28 za likizo yenye malipo. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani, huko Geneva, lilipitisha Mkataba wa 189 juu ya kazi hii. Nako Mwanza shirika la WoteSawa, litetealo watumishi vijana wa nyumbani, lilianzishwa na mwanamke aliyekuwa mwenyewe mtumishi wa nyumbani.

Sheria hiyo ya 2004 yataka pia maandishi: jina, mahali alipochukuliwa, kazi, saa na mshahara. Asiyeyaelewa lazima aelezwe kwa namna aielewayo. Likitokea shauri na mwajiri hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kwa hiyo mzazi akimwomba mwalimu wa kijiji aandike, mwalimu asione taabu. Zifanywe nakala, moja ikae Kalemela kwa mzazi, pamoja na jina la mtaa na nambari ya simu ya nyumba ile. Na nauli ya kurudi, binti aishike mwenyewe.