Imani Ipo, Mbona Mungu Yuko Mbali?

SWALI: Msomaji wa Kendu Bay, Mwadventista asiyekosa ibada ya Sabato, anahisi kwamba akiomba anasema peke yake. Je, imani yake imekufa?

JIBU: La. Mama Teresa wa Kolkata aliishi na ukavu huo wa sala kwa miongo kadhaa, kama barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilivyoonyesha. Kazi kwa maskini hakuiacha.

Nabii Elia naye, baada ya ushindi wake kwenye Mlima Karmeli, aliketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Kwanza alipewa usingizi, mkate na maji. Mahubiri mengi huiruka sehemu hiyo!

Basi msomaji auangalie mwili. Huzuni na kukosa usingizi vikizidi wiki mbili, amwone daktari. Hospitali ya Waadventista iko papo hapo Kendu. Sala iwe fupi, hata ya kulalamika: Zaburi ya 13 huanza hivyo.