Kazi ya Wakili na Njia ya Kuifikia

Katika nchi ya Wahaya, tangu Bukoba hata Muleba, kibanja ni mali kuu ya mtu. Humo imo migomba na mibuni, na humo yamo makaburi ya wazee. Kwa hiyo magomvi mengi yafikayo mahakamani ni ya vibanja.

Mwaka 1988 mwanamke mmoja, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa babaye, aliona amezeeka wala hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilaya ya Muleba, akidai ya kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa kuuza shamba la ukoo. Mahakama ikakubali, ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaigeuza hukumu ile. Ndipo mshitaki akakata rufani katika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua ya kwamba Katiba, ambayo mwaka 1984 ilitiwa haki za binadamu, yakataza kumbagua mtu kwa kuwa ni mwanamke. Basi mwanamke aweza kuuza kama mwanamume wa ukoo auzavyo.

Tazameni, mila ile haikuwa ya mdomo tu. Serikali iliiandika mwaka 1963 iwe sheria. Lakini Katiba i juu yake. Kujua neno lipi li juu ya lipi ndiyo elimu ya wakili, wala haipatikani kwa wepesi wa ulimi.

Atakaye uwakili wa Tanzania Bara amalize kwanza kidato cha sita, au apate elimu nyingine inayokubaliwa na chuo kikuu. Kisha husoma shahada ya sheria miaka mitatu au minne. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa hicho cha sheria. Zamani shahada ilifuatwa na mafunzo ya kazi chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Lakini sheria ya mwaka 2007 iliweka Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na huko mwanafunzi hujifunza kuandika hati za madai, kuhoji mashahidi na kutunza fedha za mteja.

Mtihani wake ni mgumu. Mwaka 2022 matokeo ya wanafunzi 633 yalitangazwa: waliofaulu wote walikuwa 26, 342 waliambiwa warudie baadhi ya masomo, na 265 walishindwa kabisa. Watu wakanung'unika sana, hata serikali ikaunda kamati ichunguze kama kosa ni la wanafunzi, la vyuo, au la taasisi yenyewe. Swali hilo lilikuwa la haki, maana wote walikuwa na shahada mkononi.

Afauluye hupeleka ombi kwa Jaji Mkuu, pamoja na vyeti na ushuhuda wa mwenendo mwema. Akikubaliwa huapishwa, na jina lake huandikwa katika Orodha ya Mawakili. Kila mwaka hana budi kupata cheti kipya cha kazi. Naye akila fedha za mteja, jina lile laweza kufutwa.