MACHO HUONA, AKILI HUPIMA

Ndugu msomaji, je, jicho peke yake latosha kuona? Sikiliza habari hii ya kwetu Ituri.

Mwingereza Colin Turnbull alikaa na Wambuti katika msitu wa Epulu. Siku moja alimchukua kijana mmoja, Kenge, mpaka Ishango, kando ya Ziwa Edward, penye uwanda mpana. Mbali sana walikuwako mbogo wakila majani. Kenge akauliza wale ni wadudu gani. Alipoambiwa ni mbogo, akacheka, hakusadiki. Gari lilipowakaribia, akashangaa kuona wanazidi kuwa wakubwa. Turnbull aliandika jambo hili mwaka 1961.

Macho ya Kenge hayakuwa mabovu, wala yeye hakuwa mjinga. Turnbull alieleza kwamba msituni miti huzuia, mtu haoni mbali. Kwa hiyo Kenge hakuzoea kupima ukubwa wa kitu kilicho mbali. Jicho hupokea mwanga. Akili hujifunza maana yake, tena huanza tangu utotoni.

Basi, mama, mwangalie mtoto wako. Akiwa na makengeza yasiyokwisha, au weupe ndani ya mboni, akili yaweza kuacha kulitumia jicho lile. Ukikawia miaka mingi, hata miwani haitarudisha nguvu yake yote. Usitie maji ya majani. Usingoje akue. Mlete hospitali upesi.

Maswali:
1. Kwa nini Kenge aliwadhania mbogo kuwa wadudu?
2. Mtoto mwenye makengeza aletwe lini?